Kipimo kilisema hakuna, nguruwe wakaendelea kufa

Nimefanya kazi ya maabara ya mifugo kwa miaka 27, mingi kati ya hiyo nikiwa mbele ya meza ileile, chini ya dirisha linalotazama mwembe. Sasa nimestaafu, naishi Chuno hapa Mtwara mjini, na kila mwezi jarida linaniletea bahasha ya maswali yenu. Safari hii karibu bahasha nzima ni nguruwe. Nimechukua barua nne. Ya kwanza naijibu kwa urefu kwa sababu aliyeiandika ameumia, na kilichompata nimekiona kikiwapata wafugaji wengi.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mfugaji wa Masasi, njia ya kwenda Ndanda. Nilikuwa na nguruwe 14. Mwezi wa saba dume langu lilikataa pumba. Kesho yake limelala pembeni linahema, masikio na tumbo vyekundu kama vimepakwa rangi. Siku ya nne likafa. Zikapita siku tano, wakaanza majike, kisha na wadogo. Wiki ile jirani yangu alikuwa anapulizia salfa mikorosho yake, watu wote wakasema ni salfa. Kijana anayetutibia mifugo alimtoa damu jike mmoja aliyeanza kuumwa jana yake, akaitia kwenye kichupa, nikampa kondakta wa basi. Jike yule alikufa siku mbili baadaye. Siku ya nane nikaletewa karatasi imeandikwa kwamba kingamwili dhidi ya homa ya nguruwe ya Afrika hazikuonekana. Nikashukuru Mungu. Nikawahamishia majike wawili kwa shemeji yangu kijiji cha pili ili wasife kwa salfa. Leo kwangu wamekufa tisa, nimebaki na watatu, na kwa shemeji wameanza kufa. Na jirani hatusalimiani. Maabara imenidanganya?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Nguruwe tisa ni ada za watoto, ni bati za nyumba, ni akiba ambayo haikai benki. Nimeisoma barua yako mara tatu.

Karatasi ile ni ya kweli, ila imejibu swali ambalo wewe hukuuliza. Wewe ulitaka kujua kama kirusi kimo ndani ya nguruwe wako. Karatasi inasema mwili wa jike wako ulikuwa bado haujatengeneza kingamwili. Hayo ni mambo mawili tofauti, na hapo ndipo shemeji yako alipoponzwa.

Kingamwili ni kinga ambayo mwili hujitengenezea baada ya adui kuingia, na haiji siku hiyohiyo. Kwa homa ya nguruwe ya Afrika huanza kuonekana kwenye damu kati ya siku ya 7 na ya 10 tangu kirusi kiingie. Jike wako alitolewa damu akiwa na siku moja ya kuumwa na akafa siku mbili baadaye. Hata tukiongeza zile siku chache ambazo kirusi kilikuwa kinazaliana kimyakimya, huenda mwili wake haukupata nafasi. Nguruwe anayekufa upesi namna hiyo hufa kabla hajaacha alama ambayo kipimo kile kinaitafuta. Kwa hiyo damu ya nguruwe mzima kabisa na damu ya nguruwe anayekata roho zinaweza kukaa kwenye kipimo hicho na kutoa jibu moja.

Kipimo chenyewe kinaitwa Elisa. Ni kisahani cha plastiki chenye vitobo 96, kila kitobo kama punje ya mbaazi. Tunadondoshea yale majimaji ya njano yanayojitenga damu ikiganda, tunaosha, tunaongeza dawa, tunaosha tena, mwishoni rangi inatokea au haitokei na mashine inaisoma. Ni kipimo kizuri, nimekitumia maelfu ya mara, na mahali pake nitapataja kwenye barua ya mwisho. Ila kwa banda linalowaka moto kama lako, hakiwezi kusimama peke yake.

Ulichohitaji ni kipimo kinachomtafuta kirusi mwenyewe, na hicho ni PCR. Jina hili wengi mlilisikia wakati wa Uviko. Kirusi cha homa hii kimebeba maelekezo yake kwenye DNA. Tunachukua damu, au kipande cha wengu kiasi cha punje ya karanga, tunakisaga, tunakichuja mpaka tunabaki na matone machache maangavu yenye DNA tu. Kisha tunatia praima, yaani vipande vifupi vya DNA vilivyotengenezwa kiwandani ili vishike sehemu moja tu ya kirusi hiki na si kingine. Mashine inapasha hadi nyuzi 95, inashuka hadi karibu 58 au 60, inapanda tena, mara 40 au 45. Kila mzunguko kinachotafutwa kinaongezeka maradufu. Kipande kimoja baada ya mizunguko 30 kimeshapita bilioni moja. Kwenye kioo unaona mstari unatambaa chini, halafu ghafla unainuka. Damu ya nguruwe aliye katikati ya homa imejaa kirusi kiasi kwamba mstari huinuka mapema sana, kabla hujamaliza kikombe cha chai.

Pembeni ya sampuli yako kuna vitobo viwili ambavyo mfugaji havioni: kimoja kina kirusi kinachojulikana, ambacho lazima kiinuke, na kingine kina maji matupu, ambacho lazima kilale. Hivi viwili ndivyo vinavyonifanya niamini mashine. Katika maabara moja niliyowahi kufanya kazi, siku moja maji yaliinuka. Tulikuwa na sampuli za nguruwe wa wafugaji sita, na nne kati yake zilionyesha ugonjwa. Tulizikataa zote, tukafuta chumba kizima kwa klorini, tukarudia kutoka mwanzo, na safari ya pili ni mbili tu zilizoinuka. Mwenzetu alikuwa ametoka chumba cha mashine na kuingia chumba cha kuchanganyia dawa akiwa na koti lilelile. Wafugaji wawili wangefungiwa banda na kuchinjiwa nguruwe wazima kwa sababu ya koti. Tangu siku hiyo, jibu la PCR lisilo na maji pembeni yake sijalitia saini.

Sasa salfa. Sumu kwa kawaida huwapata pamoja wale walioila au kuivuta pamoja. Wewe umeniandikia dume mmoja, kisha siku tano za ukimya, kisha majike, kisha wadogo, na sasa nguruwe wa kijiji kingine ambako hakuna mkorosho uliopulizwa ila wamepelekwa wageni kutoka kwako. Huo ni mwendo wa ugonjwa unaoambukiza. Hata hivyo sitathibitisha ugonjwa kwa barua. Kuna homa nyingine ya nguruwe, ile ya klasiki, ambayo kirusi chake ni cha jamii nyingine kabisa lakini ukimtazama nguruwe kwa macho huwezi kuzitofautisha, na praima za hii haziioni ile. Kuna pia bakteria wanaoleta homa kali na mabaka ya mraba mgongoni, na hao penisilini inawamaliza. Ukiwaita wote homa ya Afrika, utamwacha afe nguruwe ambaye sindano moja ingemponya. Ukiwaita wote salfa, utaona yaliyotokea kwa shemeji.

Fanya hivi leo. Nenda kwa afisa mifugo wa kata, wewe mwenyewe, na umwambie yote pamoja na habari ya shemeji. Homa hii ni ugonjwa unaotakiwa kutolewa taarifa kwa Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003, kwa hiyo usiogope kuonekana mbaya, unaonekana mbaya zaidi ukinyamaza. Usiwahamishe wale watatu hata hatua kumi. Waliokufa usiwapasue nyumbani. Damu ya nguruwe aliyekufa kwa homa hii ndiyo chungu cha kirusi, ikimwagika ardhini, mbwa na viatu vitaisambaza.

Afisa akija, mwombe achukue damu ya wote watatu, kila mmoja vichupa viwili. Cha kifuniko cha zambarau kina dawa inayozuia damu isigande, hicho ni cha kumtafuta kirusi. Cha kifuniko chekundu hakina kitu, damu igande, hicho ni cha kingamwili. Cha kijani kiacheni, dawa iliyomo huivuruga PCR. Nadhani damu ya jike wako ilitiwa kwenye chekundu peke yake, ndiyo maana ikapimwa kilichowezekana kupimwa. Akifa mwingine mbele ya afisa, yeye atapasua na kuchukua wengu, tezi na kipande cha figo. Wengu wa nguruwe mzima ni mrefu na mwembamba kama ulimi, rangi ya maini. Wa homa hii nimeushika: umevimba mara mbili au tatu, mweusi kama mkaa uliolowa, na kisu kikipita haukatiki, unamong'onyoka. Tezi zilizo karibu na tumbo na figo huwa kama madonge ya damu. Ukiona hivyo unashuku kwa nguvu, ila bado unapeleka. Na mzoga uliokwisha kuoza msiutupe mkadhani haufai, uboho wa mfupa mrefu wa mguu bado unaweza kutoa jibu, kwa sababu kirusi hiki ni kigumu kufa.

Kuhusu safari. Kutoka Masasi hadi Mtwara ni kama kilomita 200, Ndanda, Mtama, Mnazi Mmoja, mnafika mchana. Vichupa vifungwe kwenye mfuko, mfuko ndani ya chombo kigumu, chombo ndani ya deli lenye barafu, na kitambaa katikati ili barafu isiguse damu. Damu ikigandishwa kwa baridi chembe zake hupasuka. Majina yaandikwe kwa wino usiofutika, na fomu ikae nje ya mfuko isilowe. Nimepokea kwa mikono yangu deli lililosafiri juu ya injini ya basi, ukilifungua mvuke unakupiga usoni, na fomu imekuwa uji. Hatukujua ni nguruwe wa nani. Wakala ya Maabara ya Veterinari ina kituo hapa Mtwara, na maabara kuu iko Temeke, Dar es Salaam. Afisa ndiye atakayejua ni wapi sampuli yako iende, na atapiga simu kabla basi halijaondoka ili mtu awe anaisubiri stendi.

Karatasi mpya ikija, soma neno kwa neno. Ikiandikwa "kingamwili", ujue ni mwili umeulizwa. Ikiandikwa "kirusi" au "DNA ya kirusi", ujue ni kirusi kimetafutwa. Kisha tazama tarehe ya kuchukua damu na uihesabu na siku aliyoanza kuumwa.

Na jirani yako, nenda kamsalimie kesho asubuhi. Hukuwa na ushahidi juu yake.

SWALI: Mama, huku Newala kuna mtaalamu alikuja na kipimo cha haraka, kama kile cha mimba. Aliweka tone la damu, baada ya robo saa akasema tayari. Je, kinatosha? (Mfugaji, Newala)

JIBU: Kinatosha kukufanya ufunge geti. Mstari ukionekana kwa nguruwe mwenye homa, chukulia ni ugonjwa kuanzia dakika hiyo: asiingie mtu, asitoke nguruwe. Sampuli iende maabara ikathibitishwe hata hivyo. Mstari usipoonekana hujapata ruhusa ya kuuza, kwa sababu kipimo hicho kinahitaji kirusi kiwe kingi, na PCR inaona hata kidogo.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa baiolojia Nachingwea. Wanafunzi wameniuliza maswali mawili yakanishinda. Kabla ya PCR mlithibitishaje? Na wataalamu wanajuaje kirusi kilichoua nguruwe wa China kilitoka upande wetu wa dunia?

JIBU: Marahaba mwalimu. Waambie wanafunzi wako wameuliza kilichonifanya niipende kazi hii.

Ugonjwa wenyewe ulielezwa kwa mara ya kwanza Kenya, katika andiko la Montgomery la mwaka 1921, baada ya nguruwe wa walowezi kufa kwa wingi huku nguruwe pori na ngiri wakiendelea kula mizizi. Kwa miaka mingi uthibitisho ulikuwa wa kikatili: damu ya mgonjwa anachomwa nguruwe mzima, kisha mnasubiri. Mwaka 1960 Malmquist na Hay wakaonyesha njia nyingine. Unazilea chembe nyeupe za damu ya nguruwe kwenye kichupa, unaweka sampuli, halafu unaongeza chembe nyekundu. Chembe nyeupe iliyoingiwa na kirusi huzivuta zile nyekundu zikaigandamana pande zote. Nikiwa mafunzoni nilionyeshwa chini ya hadubini. Picha nzima imetulia, chembe nyekundu zimetawanyika ovyo, halafu katikati unaona duara moja limejaa, kama kifundo cha shanga nyekundu kimefungwa kwenye uzi. Hapo kirusi hai kipo, kinafanya kazi mbele ya macho yako. Maabara kubwa bado zinaitumia njia hiyo mlipuko unapotokea mahali papya, kwa sababu PCR inaona DNA hata ya kirusi kilichokufa, na hii inaona kilicho hai tu. Ina upungufu wake: ziko aina za kirusi zisizovuta chembe nyekundu, kwa hiyo ukikosa duara lazima uhakikishe kwa kipimo kingine.

Swali la pili ni la kusoma herufi. PCR ikishakuza kipande, tunaweza kukisoma DNA yake herufi kwa herufi. Kipande kinachotumika sana ni mwisho wa jeni iitwayo B646L, inayobeba maelekezo ya protini ya ganda la kirusi, p72. Virusi vinavyofanana hapo huwekwa kundi moja. Mwaka 2007 nguruwe walianza kufa Georgia, karibu na bandari ya Poti. Kirusi kiliposomwa kikawa cha kundi la II, ndugu wa karibu wa virusi vilivyokuwa Msumbiji, Madagaska na Zambia. Inaaminika kilivuka bahari ndani ya mabaki ya nyama yaliyoshushwa kutoka melini na kupewa nguruwe. Kutoka hapo kikaenda Urusi, Ulaya Mashariki, na mwaka 2018 kikaingia China.

Mwalimu, waonyeshe wanafunzi ramani. Msumbiji iko ng'ambo ya Ruvuma. Safari iliyofika Beijing ilianzia katika eneo letu hili, na wala haikuhitaji nguruwe hai, ilihitaji mfupa uliotupwa. Na huku kwetu kirusi kina nyumba ya kudumu: ngiri hukibeba bila kuumwa, na papasi walio kwenye mashimo yake hukihifadhi kwa miaka. Papasi hao wanaweza pia kukaa kwenye nyufa za banda la udongo. Nao hupimwa, tunawasaga na kuwatia kwenye PCR kama wengu.

SWALI: Mama yangu, homa ilipita bandani kwangu Ndanda mwezi wa nne, maabara ilithibitisha. Wawili walipona na sasa wamenenepa. Naweza kuwazalisha? Nikiwachinja tutadhurika? Na lini naruhusiwa kununua wengine? (Mama wa Ndanda)

JIBU: Homa hii haimpati binadamu, nyama haitawadhuru nyie. Inawadhuru nguruwe wengine, maana kirusi hukaa ndani ya nyama mbichi, iliyokaushwa na iliyogandishwa kwa muda mrefu sana. Kinakufa kwa moto, nyuzi 60 kwa dakika 20 zinatosha, ila maji uliyooshea nyama na mifupa iliyotupwa jalalani havikupikwa. Kwa hiyo usichinje wala kuuza bila afisa mifugo kukuruhusu.

Wale wawili sasa ndio wa kipimo cha Elisa. Wameishi muda wa kutosha, kingamwili zao zitaonekana, na hudumu kwa muda mrefu. Zikionekana, wamewahi kuingiwa, na huenda bado wanacho kirusi kidogo kwenye tezi ambacho PCR ya damu leo inaweza isikione. Najua wamenona na najua umeshikwa na huruma nao. Usiwazalishe. Wakitolewa, watolewe chini ya usimamizi.

Kisha osha banda. Ondoa mavi yote na maranda kwanza, dawa haifanyi kazi juu ya uchafu, piga sabuni, kisha dawa afisa atakayokuelekeza, ziba nyufa. Liache tupu siku 40. Baada ya hapo nunua wachache tu, mmoja kwa kila kumi ambao banda linaweza kubeba, na uwaache watembee kila kona, walale kila chumba, kwa wiki sita. Pima joto la yeyote anayekataa chakula, na likifika nyuzi 40 na nusu mwite afisa siku hiyohiyo kabla hajafa. Wiki ya sita ikiisha watolewe damu, zambarau na nyekundu, kila mmoja vichupa viwili.

Majibu yakija yote mawili ni hasi, niandikie, nitafurahi kujua.